Nilitafsiri kila neno mbele ya wakili, sasa naambiwa nimewachoma ndugu zangu. Nilikosea wapi?

#1 Mkalimani wa Zamu

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Uingereza mwaka wa tisa sasa. Usiku nabeba boksi, mchana nikiitwa natafsiri Kiswahili hospitalini, mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Kabla hamjaanza kuniuliza: nimebadilisha mji, umri na mambo mengine kadhaa, kwa hiyo msihangaike kumtafuta mtu.

Niliitwa ofisi ya wakili wa uhamiaji, ofisi ndogo tu juu ya duka la vitambaa. Wateja ni wawili. Jamaa ana pasipoti ya hapa, amekaa miaka mingi. Dada alikuja kwa viza ya kazi za kea, yaani kulea wazee na wagonjwa, kampuni iliyomleta ikanyang'anywa leseni ya kuajiri wageni, na yeye akapata ile barua ambayo wengi humu wanaijua: siku 60 utafute mwajiri mwingine au uondoke. Wamefunga ndoa, wanataka ahamie viza ya mwenza.

Wakili, mama wa makamo, anauliza taratibu. Mlikutana wapi, nani aliposa, mnaishi na nani. Akageukia kompyuta kuandika. Hapo jamaa akamwambia dada kwa Kiswahili, sauti ya chini lakini si ya kunong'ona: "Sema tulikutana msikitini, usimtaje yule dada wa Barking. Na ile nusu iliyobaki naitaka kabla hujaenda kuweka vidole." Dada akamjibu, "Nusu utapata karatasi ikitoka. Ndivyo tulivyokubaliana."

Wakili akainua kichwa: "Wamesema nini?"

Nikatafsiri. Yote, na ile nusu.

Hakupiga kelele. Alifunga faili, akawaambia kwa upole kwamba hawezi kuendelea nao kwa ombi hilo, akawaeleza kwa nini, akawaambia yaliyosemwa pale hatayapeleka kokote. Dakika kumi na tano hivi. Nilitafsiri na hayo.

Kwenye ngazi dada akanigeukia. Hakutukana. Aliuliza tu, "Kaka, kwani wewe si Mtanzania?"

Ni wiki ya tatu, bado nalisikia hilo swali.

#2 Chatu Mweusi

Hii chai. Mtu wa kea amefaulu mtihani wa Kiingereza ndipo akapewa viza. Mkalimani wa nini?

#3 Mkalimani wa Zamu

Mkuu, Kiingereza cha mtihani na Kiingereza cha kuulizwa na wakili habari za ndoa yako ni vitu viwili. Wengi wanaomba mkalimani kwenye mambo ya sheria hata kama kazini wanaongea vizuri. Mimi mwenyewe nikienda kwa wakili wangu naomba.

#4 Mtoto wa Kwa Aziz Ali

Umechoma, hakuna jina jingine. Ulishindwa nini kusema "wanakumbushana tarehe"? Mtu ana siku 60, kauza shamba la mama yake kumlipa dalali wa kea, kaja huku kampuni yenyewe hewa. Serikali iliyowapa hao matapeli leseni haikupata hasara. Aliyepata ni yeye. Halafu na wewe unakuja kumalizia.

#5 Pwani Raha

Mie namuunga mkono huyo juu. Dunia nzima watu waoana kwa maslahi. Babu zetu waliozeshwa kwa sababu ya mashamba na majahazi, hakuna aliyewauliza kama mwapendana. Leo Mzungu ndiye atupimie mapenzi?

#6 Joho la Kuazima

Nimefanya kazi ofisi za uhamiaji hapa miaka kumi na kitu, si wakili kamili ila mafaili ya wenza nimeyabeba mengi. Naomba nitenganishe mambo, maana hapo #5 mchuzi na mchele vimepikwa sufuria moja.

Ndoa ya kupangwa na wazazi si ndoa ya makaratasi. Ndoa yenye maslahi ndani yake nayo si lazima iwe ya makaratasi. Zamani sheria ya hapa ilimtaka muombaji athibitishe kwamba shabaha kuu ya ndoa yake haikuwa kuingia Uingereza. Iliwatesa sana watu wa Bara Hindi, ikafutwa Juni 1997. Leo kinachoulizwa ni kama uhusiano ni wa kweli na unaendelea. Ukimpenda mtu na ukafurahi pia kwamba utapata karatasi, hujafanya kosa. Lakini watu wawili wanaodaiana nusu kabla ya alama za vidole hawana uhusiano wa kupima. Wana mkataba.

Sasa wakili. Wakili si hakimu wa mapenzi yenu. Mteja akimwambia "tunapendana", hana wajibu wa kwenda kuchungulia chumbani. Anaweza kuwa na shaka na bado akapeleka ombi, kwa sababu shaka si ujuzi. Ila akishajua kwamba maelezo ni uongo, mlango umefungwa. Hawezi kuyaweka mbele ya Wizara ya Mambo ya Ndani wala mahakama. Akiyapeleka anafutwa kwenye orodha, na anaweza kufungwa kwa kusaidia uhamiaji haramu. Adhabu ya juu ya kosa hilo ilikuwa miaka 14, mwaka 2022 wakaipandisha hadi kifungo cha maisha.

Upande wa pili, ambao watu hawaujui: hatakiwi kukimbia kukuripoti. Siri ya mteja inabaki siri. Anajitoa, na akiulizwa sababu anasema ni za kitaaluma, basi. Kinga hiyo ina mpaka wake. Ukimwendea wakili akusaidie kutengeneza uhalifu, mazungumzo hayo hayalindwi. Mahakama za hapa zimeshikilia hivyo tangu 1884. Huyo mama wa #1, kwa nilivyosoma, alifanya kama inavyotakiwa.

#7 Mtoto wa Kwa Aziz Ali

Sawa, wakili kafanya kazi yake. Mkalimani je? Yeye hakuapa kwa malkia.

#8 Lugha Gongana

Nijibu mimi, natafsiri mahakamani. Mkalimani hachagui maneno ya kuvusha na ya kuacha. Kinachosemwa ndani ya chumba kinatafsiriwa, pande zote mbili. Leo ukimfichia dada yako kwa huruma, kesho utakutana na mkalimani anayemfichia mume anayempiga mkewe, naye atakwambia ni huruma. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mwanamke anaeleza jinsi alivyopigwa, mkalimani, mtu wa ukoo wa mume, anatafsiri "waligombana kidogo".

Ila mleta uzi, kosa lako lipo. Ulipaswa kuwaambia kabla hamjaketi: kila mtakachosema mbele yangu nitakivusha, hata mkisema ninyi kwa ninyi. Uliwaambia?

#9 Mkalimani wa Zamu

Sikuwaambia. Nilichelewa basi, nikaingia tunaanza.

#10 Lugha Gongana

Basi swali la kwenye ngazi lilikuwa la haki.

#11 Babu Boksi

Wajukuu, nimesoma kimya tangu asubuhi. Nilikuwa Hastings miaka ile, nafua mashuka hotelini, nikaona mambo ya St Leonards yakitokea ng'ambo ya barabara. Nawapa kisa, maana wengi wenu mlikuwa hamjafika.

Februari 2005 serikali ilianzisha utaratibu kwamba mgeni akitaka kuoa hapa aombe kwanza kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Alipie. Lakini waliacha tundu: ukifunga ndoa kanisani, Kanisa la Uingereza, kibali hakihitajiki. Mwislamu anahitaji, Mkatoliki anahitaji, Mhindu anahitaji, Mwanglikana hapana. Mnadhani watu walikwenda wapi?

Pale St Leonards kulikuwa na kasisi, Alex Brown, Kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo. Kuanzia Julai 2005, kwa muda wa miaka minne, akafungisha ndoa za uongo takriban 360. Bwana harusi kwa wingi ni Waafrika, hasa Wanigeria, bibi harusi ni wanawake wa Ulaya Mashariki ambao nchi zao zilikuwa zimeingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Wale wanawake waliokotwa mitaani humo humo, wengine wana njaa kabisa, wakalipwa hadi pauni 3,000. Jumamosi unaona foleni nje ya kanisa, watu hawajuani majina. Tulikuwa tunacheka. Sasa sioni cha kuchekesha.

Mwaka 2010 mahakama ya Lewes ikawafunga watu watatu, miaka minne kila mmoja: kasisi, mtu aliyekuwa akiwatafuta mabibi harusi, na wakili wa uhamiaji. Ndiyo, wakili. Kasisi anafungisha, dalali analeta watu, lakini bila mtu wa kupeleka ombi wizarani ile ndoa ni picha tu. Kalamu ya wakili ndiyo iliyokuwa inageuza cheti kuwa ukaazi.

Na ule utaratibu wa vibali, mabwana wa House of Lords, ndio waliokuwa mahakama ya juu enzi hizo, waliukuta ni wa ubaguzi mwaka 2008, ukafutwa Mei 2011. Wakubwa walitunga sheria mbovu, wenye akili wakaona tundu, waliolala jela ni hawa.

#12 Pwani Raha

Shikamoo babu. Hapo kwa Mwanglikana kutoombwa kibali nimecheka peke yangu kwenye basi.

#13 Mama Wawili wa Leicester

Nilisema sitachangia lakini #5 na #4 mmenigusa pabaya.

Mimi ndoa yangu ni ya kweli. Nikah Tanga, mahari ikatajwa mbele ya watu, mjomba ndiye walii. Mume wangu akabaki kule, mimi nikarudi kazini huku. Kipato wanachotaka kwa anayemleta mwenzake kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka tangu 2012, Aprili 2024 kikapanda hadi 29,000. Kama huna mshahara huo uonyeshe akiba ya 88,500. Nani ana akiba hiyo anayelea wazee hospitalini usiku? Nikachukua zamu za Jumapili hadi mgongo ukaniuma, nikafika. Ada, kwa viwango vya Aprili 2025, ilikuwa 1,938, na tozo ya matibabu 3,105 juu yake. Mume akafanya mtihani wa Kiingereza, akapima kifua kikuu.

Sasa sikilizeni. Sikwenda kwa wakili. Nilikwenda kwa "mshauri" mmoja tuliyeelekezwa na watu, ana meza ndani ya duka la kutuma pesa. Akatazama picha zetu za nikah, chache, wanawake wako ndani, wanaume wako nje, mimi na mume tuko pamoja kwenye picha mbili tu. Akasema, "Hii haionekani kama ndoa. Ofisa hataamini. Ukienda likizo mkapige picha za fungate." Nilipokwenda Tanga tukapiga. Siku moja, nguo nne, pwani, hotelini, kwa rafiki, nyumbani. Akaandika barua ya maelezo yenye safari ambazo hatukusafiri.

Tukanyimwa. Ofisa aliandika kwamba picha zinazodaiwa kuwa za miezi tofauti zinaonyesha saa ile ile ya mkononi, ndevu zile zile na bandeji ile ile kidoleni mwangu. Bandeji! Nilikuwa nimejikata na kisu cha embe asubuhi ile.

Ndoa ya kweli ikapakwa uongo na mtu niliyemlipa anisaidie. Na sababu ya yeye kuwa na kazi hiyo ni ninyi mnaonunua ndoa, mkamfundisha ofisa kutuangalia sote kama wezi.

#14 Joho la Kuazima

Dada, pole sana. Uliishia wapi?

#15 Mama Wawili wa Leicester

Rufaa. Nilipata wakili halisi, kijana mkali. Kitu cha kwanza alichoniambia: utaanza kwa kukiri zile picha, wewe mwenyewe, kwenye maelezo yako ya kiapo. Nililia. Nikamwambia si ndiyo tunajimaliza? Akasema jaji atazikuta tu, afadhali azikute kwenye mkono wako.

Kisha akatupa mapambo yote. Akataka orodha ya simu za miaka miwili, risiti za pesa nilizotuma, ujumbe wa sauti wa WhatsApp tulipogombana kuhusu mabati ya nyumba (ule wa mabati ndio uliotuokoa, naapa, hakuna anayegombana hivyo na mtu wa makaratasi), cheti, na shangazi yangu wa hapa aje aseme. Akamkumbusha jaji uamuzi wa baraza la rufaa la juu wa 2012, kwamba wanandoa hawatakiwi kuleta ushahidi wa aina fulani maalumu wa kuonyesha wanapendana, na kwamba mawasiliano ya simu ni ushahidi.

Tulishinda. Mume yuko jikoni sasa hivi anaunguza chapati.

#16 Chatu Mweusi

Nimefuta neno chai. Endeleeni.

#17 Joho la Kuazima

Wengi hawajui kwamba huyo wa kwenye meza ya duka la pesa alikuwa mhalifu hata kabla ya kushika kalamu. Tangu sheria ya 1999, huruhusiwi kutoa ushauri wa uhamiaji Uingereza kama wewe si wakili wala hujasajiliwa. Msajili aliitwa OISC, tangu Januari 2025 anaitwa Immigration Advice Authority. Orodha iko mtandaoni bure. Andika jina la mtu, halipo, ondoka. Hata kama anatoka kijijini kwenu. Hasa kama anatoka kijijini kwenu.

Lakini nisijifanye kwamba waliosajiliwa wote ni malaika. Julai 2023 waandishi wa gazeti walijifanya wateja, wakawarekodi mawakili wakiwatungia hadithi za kuomba hifadhi, na mamlaka ya kusimamia mawakili ikafunga ofisi tatu. Majaji nao tangu 2012 wana utaratibu wa kumwita wakili anayepeleka maombi ya hovyo dakika za mwisho aje ajieleze mbele yao. Nimekuwa kwenye ofisi ambako bosi aliniambia "usiwaulize swali ambalo hutaki jibu lake". Hiyo sentensi ndiyo ugonjwa wenyewe. Hasemi uongo. Anahakikisha tu kwamba yeye haujui.

#18 Mtoto wa Kwa Aziz Ali

Si ndiyo alichopaswa kufanya huyo mama? Asiulize "wamesema nini", kila mtu anakwenda nyumbani na furaha.

#19 Joho la Kuazima

Anakwenda nyumbani na furaha hadi siku ya mahojiano. Wanawatenganisha vyumba viwili: nani analala upande wa dirisha, jana usiku mlikula nini, mama mkwe anaitwa nani. Hata wanandoa wa kweli wanakosea. Mwaka 2017 kulikuwa na kesi ya Sadovska, mwanamke wa Lithuania na mchumba wake Mpakistani, walikamatwa Edinburgh walipokwenda kufunga ndoa. Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema kwa mtu mwenye haki za Ulaya, ni serikali inayopaswa kuthibitisha ndoa ni ya uongo. Lakini huyo dada wa kea si wa Ulaya. Kwenye viza ya mwenza ya kawaida mzigo uko mabegani mwake.

#20 Sina Jina Leo

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu.

Mimi nilinunua. Hela nilikopa. Makubaliano yalikuwa malipo mara mbili. Viza ya kwanza ya ndani ni miezi 30, halafu unaongeza tena miezi 30, ndipo ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitano. Hakuna aliyenieleza maana ya miaka mitano. Kila inapohitajika karatasi yake ya mshahara, bei inapanda. Akigombana na mwanamke wake, bei inapanda. Mwaka jana alikuja usiku, amelewa, akasema yeye ni mume wangu kisheria na ana haki zake. Nilijifungia bafuni. Polisi nitawaambia nini? Kwamba mume wangu si mume wangu?

Mliosema babu zetu walioana kwa mashamba, mwenye mashamba hakuwa anakuja usiku kudai.

#21 Lugha Gongana

Mdogo wangu, uko salama usiku huu?

#22 Sina Jina Leo

Leo niko kwa rafiki.

#23 Joho la Kuazima

Usiandike zaidi hapa. Tafadhali. Nenda kwa wakili aliyesajiliwa, wewe peke yako, usiende na mtu, na umweleze yote, pamoja na jinsi ilivyoanza. Hatakuripoti. Hawezi kukutetea ndoa ambayo si ndoa, hilo ujue kabla ya kuingia. Ziko njia za wenza wanaonyanyaswa, ila zimejengwa kwa ajili ya uhusiano wa kweli, na mimi sitakudanganya hapa kwamba zinakuhusu. Anaweza kukwambia njia gani nyingine zipo na nini kitatokea ukinyamaza. Na kama ni hatari piga 999, vitisho na kujaribu kukubaka ni makosa bila kujali viza yako. Nimekutumia ujumbe binafsi wenye namna ya kutafuta ofisi za msaada bure.

#24 Mtoto wa Kwa Aziz Ali

Nimesoma #20 mara mbili. Nilichosema juu nakiacha, sikifuti, mniseme tu.

#25 Pwani Raha

Swali kwa mleta uzi. Wateja wa wakili ni siri, mmetuambia wenyewe. Na wewe umewaanika humu watu elfu ngapi wanasoma?

#26 Mkalimani wa Zamu

Swali la haki. Nimelifikiria kabla ya kuandika. Nimebadilisha vitu ambavyo hata wao wakisoma watadhani ni wengine, lakini najua hilo halitoshi. Sitaandika zaidi kuhusu wao.

#27 Babu Boksi

Basi lete mrejesho wa kwako wewe, si wa kwao.

#28 Mkalimani wa Zamu

Mrejesho wangu. Tangu Lugha Gongana aliposema, kabla sijakaa nasema kwa Kiswahili, polepole: "Mimi ni mkalimani. Kila mtakachosema mbele yangu nitakitafsiri, hata mkisemeshana wenyewe. Mkitaka kuzungumza yenu, ombeni tutoke kwanza." Halafu namwambia wakili nimesema nini.

Juzi nimeisema mbele ya wanandoa, ofisi nyingine kabisa. Walitazamana. Mwanamume akaomba watoke nje kidogo. Wakili akatazama saa, akasema sawa. Wakakaa kwenye korido karibu robo saa, tunasikia sauti, hatusikii maneno. Mwanamke akarudi peke yake, akakaa, akaweka mkoba chini. Akasema ana swali lake mwenyewe, si lile lililowaleta.

Swali lenyewe nililitafsiri, na hapa siliandiki.